Njuga Hizi Zilikuwa za Nani? Historia ya Bharatanatyam kwa Mama Wenzangu

SEHEMU YA 1: Nesi na ngoma ya Kihindi, wapi na wapi?

Wiki hii hatuongelei chanjo wala uji wa lishe. Tangu niliposema kwamba Jumamosi jioni sipokei simu kwa sababu niko darasani najifunza ngoma ya Kihindi, ujumbe umekuwa mwingi. Kuna waliocheka. Kuna walioniuliza kama nimebadili dini (hapana). Ila wengi, na hawa ndio walionifanya nikae niandike, wameuliza hivi: "Nesi, binti yangu wa miaka saba anaitaka hiyo ngoma. Nimpeleke? Ni ngoma ya heshima au ni ya wanawake wa ovyo?"

Jamani, swali hilo la mwisho lina historia ndefu. Wahindi wenyewe waligombana juu yake magazetini, mahekaluni na hadi kwenye baraza la kutunga sheria. Na katikati ya ugomvi ule alikuwepo daktari mwanamke, mtoto wa mama aliyetoka kwenye jamii ya wachezaji. Ndiyo maana naona inatuhusu. Nitaigawa sehemu sita. Ukishamlaza mtoto, soma moja, ulale nawe.

Kwanza, ni ngoma gani? Inaitwa Bharatanatyam. Asili yake ni kusini mwa India, kwa Watamili, kwenye jimbo linaloitwa leo Tamil Nadu. Wale wa filamu za zamani, mnamkumbuka Vyjayanthimala? Yule alifunzwa Bharatanatyam tangu utotoni kabla hajawa nyota wa filamu. Kwa hiyo wazee wetu wa Unguja, Dar, Tanga na Mombasa waliojazana sinema walikuwa wakiiona ngoma hii bila kujua jina lake.

Inavyochezwa: unasimama miguu peku, visigino karibu karibu, vidole vinatazama nje, magoti yamekunjwa na kufunguka pembeni kama mtu anayetaka kuketi akaghairi. Mgongo umenyooka. Mkao huo unaitwa aramandi. Halafu unapiga nyayo sakafuni kwa hesabu, njuga zinalia vifundoni, na mikono inasema jambo lake. Kuna ishara 28 za mkono mmoja pekee, na hapo bado za mikono miwili. Macho nayo yana mafunzo yake, shingo nayo, nyusi nazo.

Nina miaka 38 na watoto wawili. Darasani wenzangu wengi wana miaka kati ya saba na kumi na miwili, na mmoja wa miaka minane ndiye anayeninyoosha kiwiko mwalimu asipoona. Naipenda kazi yangu, lakini kazini mwili wangu ni wa kubeba, kuinama na kukimbia. Pale darasani, kwa saa moja na nusu, mwili wangu unajifunza kitu ambacho hakina mgonjwa mwishoni mwake. Mtu mzima anayejifunza kitu kipya kwa kukipenda tu anapata furaha ambayo sijui niielezeje.

Lakini mimi nikipenda kitu nataka kujua kilikotoka. Nilipouliza, ndipo nikakutana na mabibi.

SEHEMU YA 2: Wanawake 400 kwenye ukuta

Katika mji wa Thanjavur, Tamil Nadu, kuna hekalu kubwa la mawe linaloitwa Brihadisvara. Lilijengwa na mfalme Rajaraja wa Kwanza, wa ukoo wa Chola, likakamilika mwaka 1010. Kuta zake zimechongwa maandishi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni hesabu: dhahabu kiasi gani, taa ngapi, nani analipwa nini.

Kati ya hesabu hizo kuna orodha ya wanawake 400 wa hekalu, walioletwa kutoka mahekalu mengine ya nchi ile. Kila mmoja ameandikwa jina lake, mahali alikotoka, na nyumba aliyopewa kwenye mitaa iliyozunguka hekalu. Kila mmoja alikuwa na fungu lake la mpunga kila mwaka. Na imeandikwa kwamba akifa au akihama, ndugu yake wa karibu ashike nafasi hiyo.

Mama wenzangu, fikirieni. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, wanawake wana majina, wana nyumba, wana mshahara, na vyote vimechongwa kwenye jiwe ili mtu asije akakana.

Baadaye wanawake wa namna hii walijulikana sana kwa jina la devadasi, yaani mtumishi wa mungu. Msichana wa familia hizo alifungwa mkufu wa ndoa kwa jina la mungu wa hekalu. Mumewe akawa mungu, na mungu hafi, kwa hiyo yeye hakuweza kuwa mjane. Kwenye jamii ambayo mjane alionekana ana mkosi, akanyang'anywa mapambo na kuwekwa pembeni kwenye sherehe, devadasi alikuwa mtu wa baraka maisha yake yote. Watu walimwita kwenye harusi ili baraka ile iwafikie maharusi.

Haki zake nyingine ziliwashangaza watu. Alifundishwa kusoma na kuandika wakati wanawake wengi wa tabaka la juu hawakufundishwa. Alimiliki mali na kuirithisha kwa binti zake. Aliruhusiwa kuasili mtoto wa kike. Ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na mtoto wa kike akizaliwa nyumba ilifurahi kweli. Ngoma tunayoiongelea ilitunzwa na kurithishwa ndani ya nyumba hizo, binti akimtazama mama na bibi, chini ya walimu wa kiume wa jamii hiyohiyo.

Sasa upande wa pili, maana nesi hawezi kuuruka. Msichana alifungwa mkufu ule akiwa mtoto, mara nyingi kabla hajavunja ungo. Akikua, huingia kwenye uhusiano na mwanamume mwenye uwezo, ambaye mara nyingi ana mke nyumbani, na makubaliano hupangwa na mama au bibi. Kwa wengine uhusiano ule ulidumu maisha yote na kuleta heshima na mali. Kwa wengine ilikuwa kuuzwa tu, kwa jina jingine. Kwa wote, mtoto hakuulizwa.

Shikeni yote mawili kichwani, msiangushe hata moja, kwa sababu huko mbele kila mtu alichukua moja akaliacha lingine.

SEHEMU YA 3: Ndugu wanne, kisha ukame

Mwanzoni mwa miaka ya 1800, kwenye jumba la mfalme Serfoji wa Pili hapo hapo Thanjavur, walikuwepo ndugu wanne wa tumbo moja: Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Walikuwa wanamuziki na walimu wa ngoma. Hao ndio waliopanga utaratibu wa onyesho tunaoufuata hadi leo: unaanza na kipande kifupi cha kuamsha mwili, unakuja ufundi wa miguu, kisha maneno kidogo, kisha kipande kirefu kizito kinachochanganya miguu na hadithi, halafu nyimbo za polepole za mapenzi na ibada, na mwisho kasi ya furaha. Mimi niko bado kwenye kipande cha kwanza. Miaka mitatu sasa, na sina haraka.

Wakati huo ngoma haikuitwa Bharatanatyam. Iliitwa sadiri, na majina mengine ya mitaani.

Mwaka 1838 kundi dogo la devadasi kutoka karibu na Pondicherry lilipelekwa Paris na London kucheza kwenye kumbi. Mmoja wao, binti aliyeitwa Ammani, aliwavutia Wafaransa mpaka msanii mmoja akamchonga sanamu. Walizoea kuwaona wanawake wa Kihindi kwenye michezo yao ya jukwaani, wakiigizwa na Wazungu. Sasa wakawaona wenyewe.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yanaharibika. Waingereza walikuwa wanameza falme moja baada ya nyingine. Mwaka 1855 mfalme wa mwisho wa Thanjavur alifariki bila mtoto wa kiume, nao wakafuta ufalme. Mfalme akiondoka, mlipaji ameondoka. Wanamuziki na wachezaji wengi wakahamia mji wa Madras (leo unaitwa Chennai) kutafuta matajiri wa mjini wa kuwaita majumbani.

Pia utawala wa kikoloni uliwatazama wanawake hawa kwa jicho moja tu. Kwa Mwingereza wa enzi ile mwanamke ni mke au ni malaya, kundi la tatu hakulijua. Mwaka 1868 ilitungwa sheria iliyoruhusu wanawake walioandikishwa kama makahaba kupimwa magonjwa ya zinaa kwa lazima, na wakikutwa nayo wafungiwe hospitali maalum. Wanaume waliowaambukiza hawakupimwa na mtu. Sheria ile ilifutwa mwaka 1888, ila macho yaliyoizaa yalibaki.

Kuanzia mwaka 1892 wasomi wa Kihindi wa Madras, pamoja na wamisionari, walianza kampeni ya kuwataka watu wenye heshima zao wasialike wala kuhudhuria ngoma za wanawake hawa. Taratibu mialiko ikapungua. Mama akawa anajiuliza kama amfundishe bintiye kazi ambayo itampa jina baya na njaa kwa pamoja.

SEHEMU YA 4: Daktari Muthulakshmi

Huyu ni mtu wangu, kwa hiyo nitakaa naye kidogo.

Muthulakshmi Reddy alizaliwa mwaka 1886 katika ufalme mdogo wa Pudukkottai. Baba yake alikuwa msomi wa tabaka la Brahmin. Mama yake, Chandrammal, alitoka kwenye jamii ya devadasi. Kwa hiyo mtoto alijua mambo ya nyumba zile kwa kuishi, siyo kwa kusimuliwa. Alijua pia kwamba watu wakimtazama wanamtafuta mama yake usoni mwake.

Alisoma kwenye chuo cha wavulana kwa ruhusa ya mfalme. Kisha akaingia chuo cha udaktari cha Madras na kuhitimu mwaka 1912, akiwa miongoni mwa madaktari wanawake wa kwanza wa India. Mwaka 1914 alikubali kuolewa kwa sharti kwamba mume amhesabu kuwa sawa naye na asimzuie kufanya kazi yake. Dada zangu mnaojiandaa, andikeni hiyo pembeni.

Akaingia kwenye baraza la kutunga sheria la Madras, mwanamke wa kwanza humo, na baraza likamchagua kuwa makamu wa rais wake. Huko ndiko alikoanzisha vita ya maisha yake: kukomesha watoto wa kike kufungwa mkufu wa hekalu. Aliona kama daktari: wasichana wadogo, miili isiyokomaa, magonjwa ya zinaa, mimba. Aliona pia kama mtoto wa mama yake.

Mwaka 1929 ilipita sheria iliyoruhusu wanawake wa mahekalu kubaki na ardhi waliyopewa kama ujira, hata wakiacha kazi ya hekalu. Hilo lilikuwa jambo la akili: usimwambie mtu aache kazi huku unamnyang'anya shamba. Mwaka 1930 alipeleka muswada wa kupiga marufuku kabisa kuwaweka wakfu wasichana. Mwaka huohuo Gandhi alikamatwa, naye Muthulakshmi akajiuzulu barazani kupinga. Muswada ukakaa miaka mingi. Ulikuja kuwa sheria mwaka 1947, baada ya uhuru.

Wasichana waliokimbia maisha yale walipofika mlangoni kwake, aliwafungulia. Ndiyo asili ya Avvai Home, nyumba ya malezi na shule ya wasichana iliyopo Chennai mpaka leo. Baada ya mdogo wake kufariki kwa saratani alipigania ijengwe hospitali ya saratani, na mwaka 1954 ikafunguliwa pale Adyar. Leo jimbo la Tamil Nadu lina mpango wa kuwapa fedha wajawazito maskini, na umeitwa kwa jina lake. Mimi huyu mama namheshimu kutoka moyoni.

Sasa nawaomba tusikilize upande mwingine, maana nao ni wanawake.

Devadasi wa Madras walijipanga. Mwaka 1928 waliandika ombi rasmi kwa serikali. Walisema: sisi sote si makahaba, msituhukumu kwa mkupuo. Wakasema kama mnataka kutusaidia, tupeni elimu, ya dini, ya kusoma na ya sanaa, turudi kwenye hadhi yetu. Miongoni mwa waliopaza sauti alikuwepo Bangalore Nagarathnamma, mwimbaji mkubwa na msomi, aliyetumia mali yake mwenyewe kujenga kaburi la heshima la mtunzi Tyagaraja kule Thiruvaiyaru, na akapigania wanawake waruhusiwe kuimba kwenye sherehe ya hapo.

Msidhani jamii nzima ilikuwa upande mmoja. Muvalur Ramamirtham, naye wa jamii hiyohiyo, alizunguka vijijini akihimiza wenzake waache desturi hii, na mwaka 1936 akaandika riwaya nzima ya kuifichua. Kwa hiyo waliosema iishe walikuwa mabinti wa devadasi, na waliosema isiishe hivyo walikuwa mabinti wa devadasi.

Sheria ya 1947 ilimlinda mtoto. Hilo ni jema na nitalitetea popote. Lakini sheria hiyohiyo ilipiga marufuku mwanamke kucheza ndani ya eneo la hekalu. Bibi wa miaka hamsini ambaye hana mtoto wa kumweka wakfu, ambaye anachojua ni kucheza mbele ya mungu wake kama mama yake alivyocheza, naye akafungiwa mlango. Ombi la elimu halikujibiwa kwa uzito ule walioliomba.

Sisi wa afya tunaujua ugonjwa huu. Mama kakaa kitandani, na watu watatu wenye makoti meupe wanajadili mwili wake juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Wanachosema kinaweza kuwa sahihi kabisa kitaalamu. Ila hajaulizwa.

SEHEMU YA 5: Rukmini na Bala

Sasa ngoma yenyewe ilipona vipi? Hapa pana ajabu.

Mwanasheria mmoja wa Madras, E. Krishna Iyer, mwanamume, alijifunza sadiri na kuicheza akiwa amevaa mavazi ya kike, ili kuwaonyesha watu kwamba sanaa haina dhambi. Mwaka 1931 chama cha muziki cha Madras kiliwapandisha jukwaani mabinti wawili wa devadasi mmoja aitwaye Kalyani. Krishna Iyer na Daktari Muthulakshmi walijibizana magazetini mwaka 1932: mmoja anasema okoeni sanaa, mwingine anasema okoeni wasichana. Ni miaka hiyohiyo ambapo jina sadiri, lililokuwa limeshachafuliwa, liliwekwa kando na jina Bharatanatyam likashika.

Kisha akaja Rukmini Devi. Alizaliwa mwaka 1904, binti wa Brahmin. Akiwa na miaka 16 aliolewa na Mwingereza George Arundale, aliyemzidi zaidi ya miaka 25, na mji mzima wa Madras ukapiga kelele. Alikutana na mcheza baleti wa Urusi, Anna Pavlova, ambaye alimhimiza atafute ngoma ya kwao. Mwaka 1933 akawaona wale mabinti wa Kalyani wakicheza. Hapo hapo akaamua kujifunza. Umri wake ulikuwa karibu miaka 30! (Mnaoniambia nimezeeka, mnaona?)

Walimu wake walikuwa Mylapore Gauri Ammal, devadasi wa hekalu la Mylapore, na Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, mwalimu mzee wa jamii hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka 1935 alicheza mbele ya watu. Binti wa Brahmin na njuga miguuni! Mwaka 1936 akaanzisha chuo cha Kalakshetra, ambacho kipo mpaka sasa. Alibadilisha mengi. Wanamuziki waliokuwa wakimfuata mchezaji nyuma hatua kwa hatua, akawaketisha pembeni. Mavazi akayabuni upya kwa kutazama sanamu za mahekalu. Na nyimbo alizoziona zina mapenzi ya mwili kupita kiasi, akaziacha.

Matokeo yake: wazazi wa tabaka la juu wakaona sasa ni ngoma safi, wakawaleta mabinti zao. Ndani ya kizazi kimoja Bharatanatyam ikawa fahari ya India huru, na mimi nikaikuta Dar es Salaam. Bila Rukmini Devi huenda nisingeijua.

Lakini upande wa pili alisimama Balasaraswati. Watu humwita Bala. Alizaliwa Madras mwaka 1918. Bibi yake alikuwa Veena Dhanammal, mpiga kinanda cha nyuzi asiyekuwa na mpinzani. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji. Mwalimu wake, Kandappa Pillai, alikuwa wa uzao wa wale ndugu wanne wa Thanjavur. Bala alicheza hadharani mara ya kwanza mwaka 1925, akiwa na miaka saba, kwenye hekalu kule Kanchipuram. Na alifunzwa uigizaji wa uso na Gauri Ammal, yuleyule aliyemfundisha Rukmini Devi. Mama mmoja, wanafunzi wawili, njia mbili.

Bala alisema hapana kwa neno "kusafisha". Kwake, mapenzi ya mwanamke kwenye nyimbo zile na ibada yake kwa mungu vilikuwa kitu kimoja. Unasafisha nini wakati hakuna uchafu? Alifananisha mpangilio wa onyesho na kuingia hekaluni: unapita lango kubwa, unavuka ukumbi, mpaka unafika chumba cha ndani penye giza na utulivu. Ukirukaruka utaratibu hufiki.

Wakati ambapo wanawake wa jamii yake waliacha kucheza mmoja mmoja, wengine kwa aibu, wengine ili mabinti zao waolewe, yeye aliendelea. Mwaka 1962 alicheza Marekani, 1963 Edinburgh, na baadaye alifundisha vyuoni Marekani. Mwaka 1976 Satyajit Ray alitengeneza filamu juu yake. Humo anaonekana ufukweni, upepo unavuma, si kijana tena, anacheza wimbo wa mama anayemwita mwanawe Krishna aje. Hakuna mtoto pale. Ni mikono na macho tu. Anaita, anabembeleza, anajifanya kukasirika, anamkumbatia. Mama yeyote aliyewahi kumwita mtoto aliyejificha uvunguni asije kuoga atajiona mle.

Nilipouona wimbo ule ndipo nilipoelewa ninachojifunza. Kinanishinda miguu, lakini kumwita mtoto najua.

SEHEMU YA 6: Na sisi je?

Mwaka uleule wa 1928 ambapo devadasi wa Madras waliandika ombi lao, mwanamke wa Unguja alipanda meli kwenda Bombay. Mnamjua: Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, wa uzao wa watumwa. Alikwenda kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ya Kiswahili ikarudi pwani nzima. Kule kusini mwa India nako, wanawake wa familia za devadasi walikuwa miongoni mwa sauti za kwanza kuingia kwenye santuri. Siti naye alikejeliwa kwa asili yake na kwa kuwa mwanamke anayeimba mbele ya wanaume. Pwani yetu inawafahamu vizuri wanawake ambao watu wanakesha kuwasikiliza usiku, na asubuhi wanauliza huyu ni wa ovyo au wa heshima.

Kwa hiyo turudi kwa mama mwenye binti wa miaka saba. Ndiyo, mpeleke kama anataka. Ni ngoma ya heshima, na ilikuwa ya heshima kabla watu wenye vyeo hawajaamua kuipa heshima. Iliyotakiwa kufa ni desturi ya kumfunga mtoto maisha yake kabla hajajua kusema hapana. India imeendelea kupambana nayo: jimbo la Karnataka lilitunga sheria yake mwaka 1982, maana jambo hili lilikuwa bado lipo, na walioathirika zaidi ni mabinti wa maskini. Hilo halina ngoma ndani yake, ni umaskini.

Ushauri wa nesi, kwa kifupi: angalia sakafu, ya mbao ni bora kuliko saruji, maana miguu peku inapiga sana. Magoti yafunguke pamoja na nyonga, yasilazimishwe peke yake. Mtoto akilalamika goti linauma siku kadhaa mfululizo, apumzike na aonwe kliniki, asiambiwe ajikaze. Wewe mama uliyejifungua juzi, subiri ruhusa ya kliniki kwanza. Na mtoto akisema sitaki tena, muulize kwa nini, na usikilize jibu hadi mwisho.

Darasani kwetu kila kipindi kinaanza na kinaisha kwa kugusa ardhi kwa mikono na kuipeleka machoni, kuomba radhi kwa dunia tutakayoikanyaga na iliyokanyagwa. Mwalimu anasema pia tuwashukuru waliotutangulia. Zamani nilikuwa nasema asante kwa jumla. Sasa nayataja majina: Gauri Ammal, Jayammal, Bala, mabinti wa Kalyani. Namtaja pia Daktari Muthulakshmi. Najua baadhi yao hawakuelewana naye, lakini wasichana aliowafungulia mlango nao walikuwa mabinti wa mtu.

Kazi yenu wiki hii: mkimpigia simu bibi au shangazi, muulizeni alikuwa anacheza ngoma gani ujanani, nani alimfundisha, na kwa nini aliacha. Wengi hawajawahi kuulizwa. Mwachieni muda aongee.

Jumatatu tunarudi kwenye ratiba yetu: macho ya njano kwa mtoto mchanga, lini usisubiri. Mlale salama.